Monita Ni Nzima, Ugonjwa Umeuacha Nyumbani

"Shikamoo, mzee. Ikizima, taa yake inabaki na rangi gani?"

Ndiyo kwanza nilikuwa nashuka kwenye bajaji, Kariakoo, nimekumbatia monita ya inchi 27 niliyoifunga shuka kama mtoto mwenye homa. Nilitegemea kuulizwa nimeinunua wapi na kwa bei gani. Fundi, kijana ambaye angeweza kuwa kitinda mimba wangu, aliulizia taa. Sikuwa na jibu. Miezi miwili nilikitazama kioo kile kikizima na kuwaka, kikizima na kuwaka, na hata siku moja sikuteremsha macho kwenye kitaa kilichopo chini ya kona yake.

Aliipokea, akaichomeka kwenye kompyuta yake kwa waya wake, akanionyesha benchi, akarudi kwenye simu aliyokuwa akiichomelea. Nilikaa pale saa mbili na nusu. Nilikunywa vikombe vitatu vya kahawa, nikasikiliza ubishi wa Simba na Yanga ambao ulikuwepo kabla sijafika na niliuacha ukiendelea. Monita haikuzima hata mara moja.

"Monita ni nzima, mzee wangu," akasema. "Ugonjwa umeuacha nyumbani."

Hakunitoza kitu. Alinishauri tu kwamba siku nyingine nimpelekee waya kwanza, monita baadaye.

Mimi ni mfasiri. Kazi hii inataka maandishi mawili yakae ubavu kwa ubavu, na kioo cha kompyuta mpakato hakiyatoshi, ndiyo maana nilijipa zawadi ya monita kubwa, ya mtumba, iliyopitia Dubai. Ilikuwa na picha safi mno, ya 4K kama wasemavyo wauzaji. Tatizo lake lilikuwa moja: kila baada ya muda kioo kiliingia giza, sekunde mbili au tatu, kisha picha ikarudi kama vile hakikutokea kitu. Jirani alinishauri niiuze kabla haijakata roho. Muuzaji alisema mtumba ndivyo ulivyo, niongeze fedha kidogo anipe nyingine. Nilikaribia kuongeza.

Swali la taa, nilikuja kuelewa, lilikuwa nusu ya uchunguzi. Monita nyingi zina kitaa cha kuwashia ambacho huwa cha buluu, kijani au cheupe picha inapoingia, na hugeuka rangi ya chungwa au kuanza kupepesa picha isipofika. Kioo kikiwa cheusi na kitaa nacho kimezimika kabisa, ushuku umeme: plagi, adapta, ekstensheni, au bodi ya umeme iliyo ndani. Kioo cheusi na kitaa cha chungwa maana yake monita iko macho lakini haioni kitu, kwa hiyo mshukiwa ni waya, tundu lake au kompyuta. Kioo cheusi na kitaa cha rangi yake ya kila siku ndicho chenye utata. Huenda picha ipo ila taa za nyuma ya kioo zimekufa, au picha inakatika kwa muda mfupi mno hata kitaa hakipati nafasi ya kubadilika. Yangu ilikuwa ya namna hii ya mwisho. Nililigundua hilo usiku ule ule, nimepiga magoti mbele ya meza kama mtu anayesali, mke wangu akiniuliza toka mlangoni kama niko salama.

Suala la taa za nyuma unaweza kulimaliza mwenyewe kwa tochi ya simu. Kioo cha LCD hakitoi mwanga. Kinauzuia tu au kuuruhusu upite, kama pazia, na mwanga wenyewe unatoka kwenye taa zilizo nyuma au pembezoni mwake. Zima taa za chumbani, imulike monita karibu karibu kwa kuinamisha tochi. Ukiona kivuli cha maandishi yako kwenye lile giza, picha ipo, taa ndizo zimekwenda. Monita za zamani zilitumia mirija myembamba ya floresenti, na mafundi wanaijua dalili yake: unaiwasha, inakupa picha kwa sekunde moja au mbili, halafu giza. Saketi inayoisukuma mirija ile hujikata yenyewe ikihisi mrija umechoka. Za siku hizi hutumia LED, na nazo hufa. Hapo hakuna cha kujaribu nyumbani tena, ni kazi ya fundi.

Lakini giza langu lilikuwa linarudi lenyewe. Kulielewa giza la aina hiyo kulinirudisha kwenye televisheni ya utotoni. Waliokua zama za antena wanakumbuka: mmoja juu ya bati anazungusha bomba, mwingine dirishani anapiga kelele "Hapo hapo! Rudisha kidogo!" Mawimbi yakiwa hafifu, picha haikukatika. Ilijaa chenga, ikapata kivuli, watangazaji wakawa na vichwa viwili, na bado tulitazama mpira mpaka mwisho. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 Dar es Salaam ilipoanza kuzimiwa mitambo ya analojia na ving'amuzi vikachukua nafasi, tuliaga chenga. Badala yake tukapewa picha safi ama kioo kitupu, katikati hakuna kitu.

Nyaya za kompyuta zimepita njia hiyo hiyo. Ule waya wa VGA wenye pini 15 na skrubu mbili, ambao IBM iliuleta mwaka 1987, ulibeba picha kwa mtindo wa analojia. Ukichoka, picha ilikuwa ya manjano au maandishi yalipata kivuli, na mwenye waya alijua mapema kwamba kuna jambo. HDMI, iliyozaliwa mwishoni mwa 2002, na DisplayPort, iliyofuata mwaka 2006, hubeba namba. Namba zikifika pungufu kidogo, monita hujitahidi, pengine utaona vidoti vyeupe vikimetameta. Zikipungua zaidi ya hapo, monita hupoteza mahali ilipofikia kusoma, na badala ya kuonyesha takataka huonyesha weusi, kisha huanza kusoma upya. Zile sekunde mbili ndizo za kuanza upya.

Kuna na hodi. Ukichomeka waya wa HDMI, monita hubisha hodi kwa kompyuta kupitia pini ya 19, pini ya mwisho ya waya huo. Kompyuta ikiisikia huiuliza mgeni ni nani, na monita hujibu kwa cheti kifupi chenye jina la mtengenezaji, mwaka iliotengenezwa na ukubwa wa picha inazoziweza. Wakishakubaliana ndipo picha inatiririka. Sasa pini hiyo moja ikilegea kwa muda wa kupepesa jicho, kompyuta huona mgeni ameondoka. Pini ikigusa tena, hodi inaanza mwanzo. Ukiona madirisha yako yote yamekimbilia kwenye kioo kidogo cha kompyuta kabla ya kurudi, ujue hodi ndiyo iliyokatika. Filamu za kulipia zina hodi ya ziada, ya kulinda hakimiliki, kwa hiyo monita inayoingia giza kwenye filamu tu na kutulia kwenye kazi nyingine huenda haina ugonjwa.

Nikaanza na waya, kama nilivyoambiwa. Ulikuwa wa mita tano, nilioununua miaka mingi nyuma, na niliuamini kwa sababu ulitumika miaka yote hiyo kwenye monita yangu ya zamani bila neno. Hapo ndipo nilipokosea hesabu. Monita ya zamani ilikuwa na nukta 1,920 kwa 1,080, yaani 2,073,600. Ukizichora mara 60 kwa sekunde, kila nukta na biti zake 24 za rangi, unapata karibu biti bilioni 3 kwa sekunde. Monita mpya ina nukta 8,294,400, mara nne kamili. Sasa waya ule ule unadaiwa biti bilioni 12 kwa sekunde za picha tupu, na ukijumlisha mapengo na mzigo wa usimbaji unafika karibu na bilioni 18. Viwango vya HDMI vyenyewe vinasimulia safari hiyo: toleo la 1.4 la mwaka 2009 liliishia bilioni 10.2, la 2.0 la mwaka 2013 likafika 18, la 2.1 la mwaka 2017 likafika 48. Punda wangu wa gunia moja nilikuwa nimempakia manne, halafu nikamlaumu mwenye gunia.

Kulithibitisha hili hakuhitaji kununua chochote. Fungua mipangilio ya skrini, shusha picha hadi 1920 kwa 1080, au iache 4K ila ushushe idadi ya kuchorwa kutoka mara 60 kwa sekunde hadi 30. Fanya kazi hivyo nusu siku. Giza likikoma, waya au adapta imezidiwa. Langu halikukoma kabisa, lakini kutoka mara nyingi kwa saa likashuka hadi mara nne au tano kwa siku. Nilinunua waya wa mita moja na nusu wenye lebo inayosomwa kwa kamera ya simu kuthibitisha kwamba umepimwa, nikairudisha picha kwenye ukubwa wake wote, na hesabu ikabaki hapo hapo: mara nne, tano kwa siku.

Kuhusu nyaya hizi wauzaji wanasema mengi. Ncha zenye rangi ya dhahabu haziipendezeshi picha hata chembe. Lakini sisi wa pwani tusiidharau dhahabu halisi, kwa kuwa haishiki kutu, na hewa ya chumvi ya huku huzipaka pini za kawaida ukungu wa kijani unaoifanya hodi ikatike ovyo. Zisafishe kwa spiriti na pamba, kila kitu kikiwa kimechomolewa kwenye umeme. Wenye DisplayPort nao wana lao: waya wa ovyo unaounganisha pini ya 20, ambayo waya wa kawaida hautakiwi kuiunganisha, huvusha umeme kutoka monita hadi kompyuta na kuleta vituko, hata kompyuta kugoma kuwaka.

Zile mara nne kwa siku zilinirudisha Kariakoo, safari hii nikiwa na waya mkononi. Fundi alinipa amri mbili. Ya kwanza: badili kitu kimoja kwa siku, kimoja tu. Ukibadili waya, soketi na mipangilio asubuhi moja na giza likakoma, umepona ila hujui ulichougua, na likirudi utanunua vyote vitatu tena. Ya pili: chukua daftari. Andika saa lilipotokea, rangi ya taa, na ulikuwa unafanya nini.

"Ninafanya nini? Ninaandika, mwanangu. Kila siku ninaandika."

"Wewe andika tu, mzee."

Wakati tukizungumza alikuwa amefungua monita ya mteja mwingine, akanionyesha kapasita zilizovimba vichwa kama maandazi. Monita nyingi za miaka ya mwanzo ya 2000 zilitoka viwandani na kapasita dhaifu, na hata zilizo nzuri huchoshwa na joto. Dalili yake ni monita kugoma asubuhi, kuwaka na kuzima mara kadhaa, kisha ikishapata moto inakubali na kufanya kazi mpaka jioni. Ni ugonjwa wa bei rahisi: kapasita zenyewe ni vitu vya fedha ndogo, unacholipia ni mkono wa fundi. Kwenye bodi nyingine palikuwa na mjusi mkavu, amelala kati ya pini mbili alizoziunganisha kwa mwili wake. Mijusi, mende na sisimizi hufuata joto la bodi ya umeme. Tundu za hewa za monita ni mlango wazi kwao.

Naomba hapa nisieleweke vibaya. Kuchomoa waya, kupima kwa tochi na kuandika daftari ni kazi ya kila mtu. Kufungua mfuniko si kazi ya kila mtu. Umeme wetu wa volti 230 ukishageuzwa ndani ya bodi, kapasita kubwa hushika takriban volti 325, na huweza kuendelea kuzishika kwa muda baada ya plagi kuchomolewa. Fundi huyu mwenyewe huimwaga kwanza chaji hiyo kabla ya kuigusa bodi.

Nikarudi nyumbani kubadili kimoja kwa siku. Jumatatu nilihamisha plagi kutoka ekstensheni ya friji, kwa kuwa mota ya friji ikianza kuzunguka huvuta umeme mwingi kwa mara moja na kuiyumbisha ekstensheni nzima. Taa ya chumbani ikinywea sekunde ile ile ambayo monita inazima, mshukiwa umemkamata. Yangu haikunywea. Jumanne niliipumzisha adapta ya USB-C, ile ya matundu mengi, ambayo ikibebeshwa chaji, picha na diski kwa pamoja hupata moto hadi huishiki, nikachomeka moja kwa moja kwenye kompyuta. Hakuna tofauti. Jumatano nilisasisha draiva ya kadi ya picha. Jumatano hiyo hiyo nilijifunza kwamba kwenye Windows ukibonyeza kwa pamoja kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B, draiva ya picha hujianzisha upya na kioo kilichokwama gizani mara nyingine hurudi, jambo linalofaa kulijua hata kama monita yako haijaumwa. Alhamisi nilizima utaratibu wa monita kujitafutia chanzo cha picha na ule wa kulala ili kuokoa umeme. Msomaji asicheke: rafiki yangu, mhadhiri, aliwahi kubeba monita yake hadi mjini, kumbe kompyuta ilikuwa imepangwa kuzima kioo kila baada ya dakika tano asipogusa kitu. Alikuwa akisoma vitabu.

Ijumaa niliihamisha ruta ya intaneti. Hili nalo lina historia. Mwaka 2017 wanunuzi wa monita ya LG UltraFine 5K walikuta inakatika na kukwama kila ikiwekwa karibu na ruta ya Wi-Fi. LG ilikiri, ikashauri ruta ikae umbali wa zaidi ya mita mbili, na monita zilizotengenezwa baada ya Februari mwaka huo zikaongezewa kinga ya mawimbi ndani. Ruta yangu ilikuwa nyuma kabisa ya monita. Niliisogeza hadi sebuleni. Giza likaja saa nne na robo, kama mtu mwenye miadi.

Jumamosi nilikaa na daftari. Safu ya saa haikusema kitu. Safu ya rangi ya taa ilikuwa buluu, buluu, buluu. Safu ya "nilikuwa nafanya nini", ambayo niliijaza kwa kumridhisha kijana, ilisema hivi: nimerudi na chai. Nimekwenda kufungua geti. Nimerudi kutoka kuswali. Nimeinuka kuchukua kamusi. Nimerudi na chai.

Niliinuka pale pale kwenye kiti. Kioo kikaingia giza.

Nilikaa, nikainuka, nikakaa. Si kila mara, lakini mara ya tatu au ya nne kilizima tena, na hasa kiyoyozi kikiwa kimekausha hewa ya chumba. Nilidhani nimechanganyikiwa mpaka nilipokuta kwamba jambo hili linajulikana. DisplayLink, kampuni ya teknolojia ya kuunganisha kompyuta na vioo vya ziada, imeliandika kwenye mwongozo wake kwa wateja: viti vya ofisi vinavyopanda na kushuka kwa bomba la gesi vinaweza, mtu anapokaa au kuinuka, kutoa mshtuko wa mawimbi ya sumakuumeme. Waya wa picha uliopita jirani huudaka kama antena, mtiririko wa namba huvurugika, monita inapoteza mahali ilipofikia. Waya wangu mpya, mzuri, wenye lebo, niliupitisha chini ya meza, ukining'inia shubiri moja kutoka kwenye mguu wa kiti.

Niliupandisha juu, nikaubana nyuma ya meza kwa vibanio, nikauvalisha pete ya feriti, kile kidude cheusi kama pipa dogo unachokiona kwenye nyaya za chaja za kompyuta, kazi yake ikiwa kunyonya kelele za namna hiyo. Zulia la nailoni lililokuwa chini ya kiti nalo nililihamishia chumba cha wageni, siku iliyofuata, kwa kuheshimu amri ya kimoja kwa siku.

Daftari sasa lina wiki sita za tarehe tu. Nilimpelekea fundi akalisoma lote, akiruka mistari ya chai, akaniomba aupige picha ukurasa ule wa Jumamosi awaonyeshe wateja wanaokuja wamekumbatia monita. Ule waya wa mita tano sikuutupa. Umeunganishwa kwenye televisheni ya sebuleni, ya nukta 1,920 kwa 1,080, na haujaikatia familia taarifa ya habari hata siku moja.